Kakao kwa aliyepandikizwa uboho, hii imekaaje?

kinyonga_mby:
Habari wakuu. Mdogo wangu ana sikoseli, kapandikizwa uboho miezi miwili sasa, dada yetu ndo katoa (wao walimechi, mi nikatoka patupu). Sasa kwenye grupu la familia inazunguka meseji eti wataalamu wamegundua kitu ndani ya kakao kinachozuia ile GVHD (seli za aliyetoa uboho kuushambulia mwili wa aliyepokea). Shangazi yuko Kyela keshatuma kakao kilo mbili kwenye basi na kila jioni anapiga simu mtoto keshakunywa? Siwezi kumwambia hapana bila sababu, mnamjua shangazi. Kuna ukweli hapo?

nesi_wa_zamu:
Hongereni kwa kufika hapo. Kwanza msiichanganye na figo kukataliwa. Kwenye figo mwenye nyumba anamkataa mpangaji, kwenye uboho mpangaji ndo anamgeukia mwenye nyumba, yaani seli T (askari wa kinga) za dada zinauona mwili wa dogo kama kitu kigeni zinaanza kushambulia ngozi, utumbo na ini, ndo unaona vipele, kuharisha, macho ya njano. Siklosporini au takrolimasi anayomeza ni ya kuzishika mikono hizo seli. Ukiona dalili hata moja usingoje kliniki, nendeni.

Kakao ina flavanoli (kemikali za asili za mmea) kama epikatekini, na maabara wanazichunguza kwa habari ya kinga. Ila kule wanatumia kitu kimoja kilichochujwa na kupimwa, sio vijiko vya shangazi.

mzee_takwimu:
Na vitu vya mmea au kuvu kuwa dawa sio ajabu, siklosporini yenyewe ilitoka kwa kuvu wa kwenye udongo wa Norway. Lakini haikuja kwa kulamba udongo 😂

Ya chokoleti kwa watu halisi ninayoikumbuka ni ya Zurich 2007, watu 22 waliopandikizwa moyo, wengine wakapewa gramu 40 za chokoleti nyeusi wengine ya kuigiza isiyo na kakao, baada ya masaa mawili mishipa ya moyo ya wale wa kwanza ikatanuka kidogo. Mishipa, sio kinga! Na ni masaa mawili tu. Halafu Marekani wakawapa wazee zaidi ya 21,000 vidonge vya flavanoli 500 mg kwa siku au vya bandia, majibu yakatoka 2022, matukio ya moyo kwa jumla hayakupungua vya kutosha kusema ni kakao. Sasa mtu atoke hapo aruke mpaka GVHD?

kinyonga_mby:
Nimewaelewa. Kwahiyo kikombe kimoja tu cha kumridhisha?

nesi_wa_zamu:
Hiyo mbegu imevundikwa, ikaanikwa juani, kuku wamepita, na dogo saa hizi kinga yake iko chini. Mbichi asiguse. Ya kopo iliyochemshwa vizuri waulizeni kwanza madaktari wake, maana kakao ina potasiamu na takrolimasi nayo huwa inapandisha potasiamu. Vidonge vya kakao vya mtandaoni ndo kabisaa msithubutu.

kinyonga_mby:
Nimempigia. Kakubali kwa shingo upande, kilo mbili tutakunywa wazima. Ila anauliza balungi je, mti wake umezaa sana.

nesi_wa_zamu:
BALUNGI HAPANA!! Linapandisha dawa kwenye damu mpaka inakuwa sumu. Mwambie leo leo kabla basi halijaondoka.