MJADALA: Kadi ya hiari ya bangi ya matibabu California, kinga au orodha?

Mtokambali
Wakuu, naleta hili kwa nia njema. Hapa California kila kaunti inatakiwa kumpa kadi mgonjwa anayetumia bangi kwa ushauri wa daktari, akiiomba. Sheria ni ile ya 2003, SB 420, iliyokuja kuimarisha Pendekezo 215 la 1996, sheria ya kura ya wananchi iliyoruhusu bangi ya matibabu. Kadi ni hiari. Hata mwenye barua ya daktari tu ana utetezi wake mahakamani. Sasa kaunti inahusikaje? Ofisi inayochanja watoto na kukagua migahawa inabebeshwa kazi ya kutoa vitambulisho vya kitu ambacho serikali ya shirikisho haijakihalalisha. Jimbo limeitaka kadi, jimbo liitoe lenyewe. Na niseme wazi: mgonjwa wa kweli anahitaji daktari, hahitaji kadi ya kumwonyesha polisi.

Nesi wa Zamu
Mengine nayaacha, hilo la mwisho siliachi. Nimehudumia wagonjwa wa saratani ambao wakitoka kwenye kemotherapia hata maji hayakai tumboni. Mtu kama huyo akisimamishwa na polisi saa nane za usiku, daktari wake atampata wapi? Barua kila daktari anaiandika kivyake na afisa hana pa kuihakiki. Kadi ina picha, nambari na tarehe ya kuisha, na afisa anaihakiki palepale. Barua inakutetea ukishakamatwa. Kadi inakuepusha kukamatwa. Kalale rumande usiku mmoja na kichefuchefu cha kemo, kisha urudi utueleze nani ni mgonjwa wa kweli.

Karani Mkuu
Mtokambali, hayo yako kaunti ya San Diego waliyasema zamani. Walikwenda mahakamani 2006, kaunti ya San Bernardino nao wakaingia, eti sheria ya shirikisho inawakataza kutoa kadi. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba lazima watoe. Tufunge mada.

Mtokambali
Haikuamua, ilikataa kusikiliza, Mei 2009. Ni vitu viwili tofauti. Iliyoamua ni mahakama ya rufaa ya jimbo, 2008, na hoja yake ilikuwa nyembamba: kadi haimpi mtu ruhusa ya kuvunja sheria ya shirikisho, inamtambulisha tu kwa polisi wa jimbo. Hakuna jaji aliyesema huu ni mpango mzuri. Halafu Nesi, usinilishe maneno. Wapi nimesema wagonjwa wanadanganya?

Nesi wa Zamu
Umewagawa mafungu mawili kabla hujamwona hata mmoja. Nani kakupa mizani ya kupimia maumivu ya mwenzio?

Baba Wawili
Dada Nesi, kaka Mtokambali, mnagombana huku jambo linalotugusa sisi wahamiaji mmelipita. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo kwamba shughuli za bangi, hata pale jimbo linaporuhusu, zinaweza kumkosesha mtu uraia kwa kigezo cha mwenendo mwema. Na mnakumbuka yule mama wa Nevada? Alinyimwa bunduki dukani kwa sababu muuzaji alijua ana kadi, ingawa mwenyewe alisema bangi haitumii. Mahakama ya rufaa ya shirikisho, 2016, ikasema haki yake ya kikatiba haikuvunjwa. Kadi tu ilitosha. Nyie mnaiita kinga, mimi naiona orodha.

Karani Mkuu
Mtu anaumwa hadi anatafuta bangi, bunduki ya nini?

Baba Wawili
Karani, nimeandika uraia, wewe umesoma bunduki.

Karani Mkuu
Wewe ndiye uliyeileta. Na mimi sioni tatizo mwenye kadi akinyimwa silaha. Nina watoto mtaani.

Mwenye Duka
Kwa hiyo jirani yako anayelewa kila Ijumaa auziwe, ila bibi mwenye maumivu ya mifupa anyimwe? Hapo usalama wa watoto uko wapi?

Karani Mkuu
Pombe ni mada nyingine.

Nesi wa Zamu
Turudi kwenye orodha, Baba Wawili. Kadi haina jina lako. Ina nambari na picha. Na Pendekezo 64 la 2016, lile lililohalalisha bangi kwa watu wazima wote, liliziweka taarifa za mwombaji chini ya sheria ya siri za matibabu. Unawatisha watu ambao tayari wana hofu ya kutosha.

Mwenye Duka
Kwani tangu hilo Pendekezo 64, nani bado anaihitaji? Mwenye miaka 21 anaingia dukani na kitambulisho chake cha kawaida. Siku hizi kinachowapeleka watu kaunti ni kodi: mwenye kadi hatozwi kodi ya mauzo. Barua ya daktari peke yake haikupi msamaha huo.

Mtokambali
Asante! Hiari ya namna gani hii? Asiyetaka kuandikishwa analipa zaidi kwa dawa ileile. Na kadi yenyewe ina ada, kaunti inaweza kutoza hadi dola 100, na inaisha kila mwaka.

Nesi wa Zamu
Wenye Medi-Cal, bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, wanalipa nusu, mbona hilo hukulitaja? Na ulianza kwa kuihurumia kaunti, sasa unamhurumia mgonjwa. Chagua upande.

Mtokambali
Nipo upande uleule. Kaunti isiwe mlango wa kupitia ili upate unafuu.

Baba Wawili
Nesi, hujanijibu. Siri za matibabu ni sheria ya jimbo. Ofisa wa uhamiaji ni wa shirikisho, anakuuliza uso kwa uso na umeapa.

Nesi wa Zamu
Akikuuliza umeapa, utasema kweli, uwe na kadi au usiwe nayo. Kadi haijaongeza kitu.

Baba Wawili
Imeongeza karatasi yenye picha yangu, niliyoiomba mwenyewe serikalini. Wewe ni raia?

Nesi wa Zamu
Hilo linahusiana nini?

Baba Wawili
Linahusiana na kila ulichoandika hapa.