Tupeane uzoefu: Call of Duty ijayo unataka irudishe kitu gani? (Wana Tanga mbele, wengine karibuni)

Mpitanjia wa Ngamiani
Wakuu, salaam. Juzi nimepita Ngamiani, pale lilipokuwa banda letu la gemu sasa wanauza makava ya simu. Dah. Kufika nyumbani nakuta watoto wa dada wanatoana macho kuhusu toleo lijalo la Call of Duty, ile gemu ya vita. Activision, wenye gemu, Desemba 2025 walisema hawatatoa tena Modern Warfare mbili mfululizo wala Black Ops mbili mfululizo (ndiyo matawi yake makubwa), kama walivyotufanyia 2022 na 2023, halafu tena 2024 na 2025. Kwa hiyo ni kama wamekiri watu wamechoka.

Sasa tuambiane. Wewe uliyeanza zamani, unataka irudishe nini? Na utoe ushuhuda, usije na "iwe kali" ukaondoka zako.

Mimi naanza: skrini ya kugawana. Black Ops II ya 2012 tulikuwa tunakaa wanne kwenye tivi moja ya chogo, kila mtu na robo yake. Ugomvi wa kuchungulia ulizidi mpaka mwenye banda akakata kadibodi la boksi la sabuni, akalisimamisha wima katikati ya kioo kwa gundi ya karatasi. Wa kushoto hamuoni wa kulia. Wa juu na wa chini mtajuana wenyewe. Nani mwenzangu?

Kuli Mstaafu
Kadibodi la sabuni 😂😂 nimecheka ofisini mpaka bosi kageuka.

Mgosi wa Chumbageni
Mleta uzi, skrini ya kugawana haijafa. Black Ops 6 ya 2024 ipo, na ya 2025 ipo. Tafuta sababu nyingine ya kulia.

Mpitanjia wa Ngamiani
Ipo kwa masharti. Black Ops 6 inataka intaneti muda wote, hata ukicheza stori peke yako. Black Ops 7 ndiyo kabisa, stori yenyewe ya kucheza onlaini hadi watu wanne, na ukitaka kuisimamisha uende kumfungulia mgeni mlango, haisimami. Niambie banda gani la Makorora litaendesha kitu hicho kwa bando.

Mgosi wa Chumbageni
Mabanda yenyewe yameshakufa mkuu. Gemu haitengenezwi kwa ajili ya banda.

Mpitanjia wa Ngamiani
Ndiyo maana yamekufa.

Simba wa Mkwakwani
Mnabishana na mimi nina msiba wangu wa bando. Niseme?

Kuli Mstaafu
Sema kaka, tumekaa.

Simba wa Mkwakwani
Ile Modern Warfare ya 2019, pamoja na Warzone yake ya onlaini, kwenye kompyuta ilifika mahali ikapita GB 200. Kwa bando la simu hiyo ni ndoto. Shemeji yangu anafanya kazi ofisi moja hapa mjini (siitaji), ina intaneti ya waya. Nikamwomba nilaze mashine yangu pale usiku. Nimeiweka chini ya meza, nimeifunika na koti la mvua isionekane, nimezima taa ya kioo. Usiku nalala naamka, napiga hesabu, sasa hivi itakuwa nusu, sasa hivi itakuwa robo tatu.

Asubuhi nafika na baiskeli, jasho linanitoka. Mlinzi ananisalimia vizuri tu, ananiambia, "Mdogo wangu, usiku nilisikia kitu kinaunguruma mle ndani, nikaogopa moto, nikazima swichi kuu." Ilikuwa asilimia 94. Na hapo ofisi nzima siku hiyo intaneti yao ya mwezi imekwisha, mkurugenzi anataka kutuma barua pepe haiendi, anauliza nani amekula. Shemeji aliniangalia tu. Mpaka leo tukikutana kwenye shughuli za ukoo ananipa mkono wa kushoto.

Ninachotaka mimi ni kimoja: uzito. Wakitoa kitu cha GB 60 kikawa na stori tu, mtu mwenye onlaini yake ashushe onlaini yake, nitanunua siku ya kwanza.

Fundi Kompyuta
Hiyo asilimia 94 haikupotea. Ukiwasha inaendelea ilipoishia. Acha deko.

Simba wa Mkwakwani
Niwashe wapi, fundi? Kwako?

Fundi Kompyuta
Nunua diski basi, uepuke bando.

Mgosi wa Chumbageni
Usinunue diski! Modern Warfare II ya 2022, diski ya PS5 ilikuwa na MB kama 70 tu ndani, mengine yote unashusha. Unanunua boksi na ufunguo.

Fundi Kompyuta
Basi asinunue diski.

Binti Raskazone
Naona wote mnazungumzia mashine za milioni. Sisi wa simu hatuna nafasi kwenye uzi huu? Nacheza Call of Duty Mobile tangu ilipotoka Oktoba 2019. Simu yangu ikipata moto naiweka juu ya mtungi wa maji wa bibi, mgongo wake umelala kwenye udongo wa baridi, dakika kidogo imetulia, narudi vitani. Bibi anajua simu inaumwa homa.

Nataka ijayo ije na ya simu inayoeleweka. Warzone Mobile walituletea Machi 2024, Mei 2025 wakaiondoa. Watu tulishaweka hela mle.

Mgosi wa Chumbageni
Dada, simu siyo gemu. Hiyo ni kugusagusa.

Binti Raskazone
Njoo tugusane basi, niweke ramani ya Crossfire na snaipa. Ukitoka na kichwa nakupa baiskeli ya baba.

Kuli Mstaafu
Mgosi kimya.

Mama Wawili
Binti, simu weka kwenye friji dakika tano. Mimi ndivyo nafanya.

Fundi Kompyuta
Msiweke simu kwenye friji jamani! Inavuta unyevu, unakuja kwangu unasema ilizima yenyewe.

Mama Wawili
Yangu ina mwaka wa tatu kwenye friji.

Mzee wa Kwaminchi
Uzi huu umenigusa pabaya. Ngoja niwape ya Hajji, nanyi mtajua kwa nini nataka ninachotaka.

Enzi hizo nilikuwa nakusanya hela kwenye banda moja, PS3 mbili. Chumba tumekodi kwa Hajji mmoja, mtu wa msikitini, tasbihi haimtoki mkononi. Yeye anajua tunacheza mpira, maana kila akipita anakuta mpira. Sasa Modern Warfare 2, ile ya kwanza ya 2009, ikaletwa na jamaa kutoka Dar. Mnaijua ile misheni ya uwanja wa ndege. Lifti inafunguka, wanaume na bunduki zao nzito wanatoka, mbele yao foleni ya abiria wenye mabegi wanasubiri kukaguliwa. Hakuna muziki. Unasikia viatu tu.

Aliyeshika pedi ni kijana mmoja mpole, tukimwita Maalim kwa upole wake. Risasi zinaanza, banda zima kimya, mara nahisi mlango umezibwa na kivuli. Hajji. Siku ya kodi, na mimi nimesahau tarehe.

Akatazama. Akauliza, "Hawa wamefanya nini?"

Hakuna aliyejibu.

"Nauliza, hawa wenye mabegi wamekosa nini?"

Maalim, machozi karibu, akasema, "Hajji, mimi sipigi. Wanapiga hao wenzangu." Na ni kweli alikuwa hapigi, ile misheni unaweza ukatembea nao tu bila kumgusa raia.

Hajji akamwambia, "Na wewe unafuatana nao unakwenda wapi?"

Maalim akaweka pedi chini. Nikajua banda limekufa, naanza kuhesabu madeni kichwani. Hajji akavuta benchi, akakaa. "Endelea," anasema, "nataka nione mwisho wao." Pedi ikabidi niishike mimi, mikono inatetemeka, nakufa kwa polisi, narudi, nakufa, narudi, Hajji nyuma yangu anahesabu tasbihi. Mpaka wanafika kwenye gari la wagonjwa, Makarov, mkuu wao, ananyoosha mkono kama anamvuta yule mtu wetu tunayemchezesha apande, kisha anampiga risasi. Hajji akasema, "Nilijua." Akachukua kodi yake, akaenda.

Sasa sikilizeni. Kila mwezi akija kuchukua kodi, salamu, halafu: "Yule muuaji wamemkamata?" Namwambia bado Hajji. "Serikali ya huko inafanya kazi gani?" Nilishindwa kumweleza kwamba toleo lijalo halijatoka. Miaka miwili! 2011 ikatoka Modern Warfare 3 (MW3), ilipotufikia tukaimaliza kwanza sisi, halafu tukatuma mtoto akamwite. Akaja na kanzu yake, akakaa benchi lile lile. Price, askari wa upande wetu, anamfunga Makarov waya shingoni, wanaanguka kupitia paa la kioo, Makarov ananing'inia, Price kalala pale chini anawasha sigara.

Hajji kimya kidogo. Akauliza, "Huyu mwenye masharubu ni nani?" Tukamwambia Kapteni Price. Akasema, "Mvutaji, lakini kafanya kazi." Akasimama: "Haya. Sasa chezeni mpira."

Mimi ijayo nataka adui wa hivyo. Mtu umchukie miaka miwili. Hawa wa siku hizi unamaliza stori kwa usiku mmoja, kesho hukumbuki hata jina lake.

Binti Raskazone
"Mvutaji, lakini kafanya kazi." Nimekufa.

Kuli Mstaafu
Activision wamwajiri Hajji.

Mgosi wa Chumbageni
Story nzuri lakini chai. Ile misheni gemu inakuuliza kabla kama unataka kuiruka, na ukiruka hupotezi kitu. Mngeiruka.

Mzee wa Kwaminchi
Inauliza kwa Kiingereza, kijana. Pale bandani maandishi yote jibu lake lilikuwa kitufe cha X.

Simba wa Mkwakwani
Hahahaha ukweli mtupu. Mimi nilimaliza gemu nzima nikiamini Jenerali Shepherd ni rafiki yetu, mpaka alipompiga Ghost, askari mwenzetu, na watu wake wakammwagia mafuta. Sikula siku hiyo.

Mama Wawili
Mtoto wangu anasema Ghost yupo hai anamchezea kila siku?

Fundi Kompyuta
Huyo wa sasa ni wa hadithi mpya, walianza upya 2019. Wa 2009 aliungua.

Mpitanjia wa Ngamiani
Soap, yule mwenzake Price, ndiye kafa mara mbili. 2011 kafa, wakaanza upya, 2023 Makarov kamuua tena. Mtu mmoja tunamzika mara ngapi?

Kuli Mstaafu
Hajji yu hai? Ana habari kwamba Makarov karudi?

Mzee wa Kwaminchi
Yupo, kazeeka, anakaa Pangani kwa binti yake. Hana habari.

Binti Raskazone
Msimwambie. Presha.

Mgosi wa Chumbageni
Turudi kwenye mada. Mimi nataka ramani zile fupi. Shipment iwepo siku ya kwanza, siyo msimu wa tatu. Makontena, bunduki fupi, unazaliwa unakufa.

Simba wa Mkwakwani
Shipment ni ya watu wasiojua kulenga.

Mgosi wa Chumbageni
Na wewe unajua kulenga, ndiyo maana ulilenga swichi ya ofisi ya watu.

Simba wa Mkwakwani
Hapo umegusa familia sasa.

Dogo wa Usagara
Shikamooni wakubwa. Mimi nimeanza na hizi za juzi, sijui mabanda. Ila naomba kitu kimoja, sare za jeshi zirudi. Mtu anapigwa risasi na mhusika wa Nicki Minaj, anageuka anapigwa na Snoop Dogg, vita gani hii? Walisema nguo za Black Ops 6 zingehamia Black Ops 7, Agosti 2025 wakabadilisha, mimi nikashangilia peke yangu darasani.

Kuli Mstaafu
Marahaba dogo. Nicki mwache, anajitafutia riziki.

Mama Wawili
Mazombi jamani, hakuna aliyetaja mazombi? Kino der Toten, Black Ops ya 2010, ndani ya jumba la sinema. Ukifungua sanduku la bahati badala ya bunduki anatoka mwanasesere dubu, halafu kale kacheko ka mtoto. Mdogo wangu akikasikia, choo cha nje haendi mpaka asindikizwe. 2023 walitutupa kwenye ramani kubwa tunazurura na magari, hapana. 2024 wakarudisha za raundi, hapo sawa. Zibaki hapo hapo.

Fundi Kompyuta
Nakubaliana na Mama Wawili kwa mazombi. Kwa friji, hapana.

Dogo wa Usagara
Sasa wakubwa, nikitaka kuicheza ijayo ninunue mashine gani? Bajeti ndogo.

Mgosi wa Chumbageni
PS5. Black Ops 7 peke yake ilitoka kwa dola 70, ujipange.

Simba wa Mkwakwani
Chukua Xbox na ule usajili wao wa mwezi. Black Ops 6 iliwekwa mle siku ya kwanza.

Mpitanjia wa Ngamiani
Subiri mwaka, bei ishuke.

Mama Wawili
Soma kwanza.

Mzee wa Kwaminchi
Dogo, nina PS3 ile ile ya bandani, MW2 na MW3 ziko ndani, pedi mbili, moja inavuta kushoto. Njoo Kwaminchi Jumamosi uone kama inakufaa, tutaelewana. Intaneti haitaki.

Simba wa Mkwakwani
Mzee mimi naitaka hiyo, mwambie dogo asije.

Dogo wa Usagara
Mzee usimsikilize, nakuja Ijumaa.