Tupeane uzoefu: ulikamatwa na polisi ukiwa mdogo, leo ni mwalimu au unasomea ualimu

Habari zenu watu wa Kusini. Hapa jirani yangu Chuno kuna kijana kamaliza fomu foo, matokeo mazuri tu, anataka ualimu tangu nimjue, ila kila akishika fomu ya chuo anaiweka chini. Juzi usiku ndo kanifungukia, akiwa na miaka 15 alikamatwa yeye na wenzie wakiwa na gunia za korosho za watu msimu umechanganya, wakalala kituoni, kesi ikaenda mahakama ya watoto. Ana uhakika jina lake limeandikwa sehemu na siku akisimama mbele ya darasa atakuja mtu kumtoa. Nimemsimulia yangu lakini mimi ni mmoja, ndo maana nawaomba na nyie mtoe ya kwenu.

Yangu ni ya Mei 22, 2013, siku ya vurugu za gesi hapa Mtwara, watu wanapinga gesi kupelekwa Dar kwa bomba. Nilikuwa na miaka 16, nipo fomu tuu. Sitadanganya kwamba nilikuwa napita njia, mawe nilirusha, kila mtu mtaani alikuwa anasema gesi haitoki na mimi nikaingia. Nilikamatwa mguu mmoja hauna ndala. Kituoni wakanipaka wino vidole vyote kumi, na nilivyotolewa kwa dhamana mama akakaa na mimi uani ananisugua kwa limao na jivu, haongei, anasugua tu, wino wa kwenye kucha ukakaa siku tatu. Kesi iliishia njiani, ikafutwa, sikuhukumiwa.

Sasa mwaka nimemaliza diploma shule moja ya binafsi ikataka karatasi ya polisi ya kuonyesha huna rekodi ya jinai. Maana yake unaenda unapakwa wino tena. Jamani nilipoweka kidole cha kwanza mkono ulikuwa unatetemeka mpaka askari akaniuliza kama naumwa. Karatasi ikatoka safi. Miaka yote ile nilikuwa naogopa kitu ambacho hakikuwepo, kukamatwa siyo kuhukumiwa, hakuna aliyewahi kunikalisha akanieleza.

Haya, nani mwingine?

Wa Tandahimba
Mimi yangu haikufutwa kaka, kwa hiyo nisikilizwe vizuri. Tuliiba mifuko ya salfa ya mkulima mmoja, mwezi wa sita kila mtu anapuliza mikorosho, nina miaka 16. Sheria ya Mtoto ya 2009 ilikuwa imeshaanza kutumika na ndiyo iliyoniokoa, kwa sheria hiyo chini ya miaka 18 wewe ni mtoto na mtoto hafungwi jela. Kesi inasikilizwa pembeni, watu wa mtaani hawaingii, na afisa ustawi wa jamii anakuja mpaka nyumbani kuuliza unaishi na nani, shule unaendaje. Nikaachiwa kwa masharti chini ya uangalizi wake, na bibi akauza mbuzi kulipa ile salfa.

Kwenye kuomba kazi nikakutana na swali kwenye fomu, umewahi kushtakiwa kwa kosa la jinai. Nililala nalo siku mbili. Nikaandika NDIYO, nikaandika na umri niliokuwa nao, nikaambatanisha nakala ya amri ya mahakama na barua ya yule afisa ustawi. Walichoniuliza kwenye usaili ni kimoja tu, mwenye salfa alilipwa? Nikasema alilipwa yote. Leo nafundisha hisabati darasa la sita. Kwa hiyo huyo kijana aanze na karatasi yake, aende mahakamani akaombe nakala, ajue kwa uhakika shauri lake liliishaje. Asijaze fomu kwa kukisia na asidanganye, kikijulikana kidanganyo ndo kinakufukuzisha kazi hata kama kosa lenyewe lilikuwa la utotoni.

Dada wa Nachingwea
Mimi polisi hawakuninyima kazi, majirani ndo walininyima. Nilipigana na binti mwenzangu kisimani nikiwa na 14, nikampasua usoni, tukafikishana kituoni, wazee wakayamaliza. Hakuna kesi hakuna karatasi. Miaka kumi baadae nimepata shule ya binafsi, wiki ya pili mwenye shule ananiita, "nimesikia wewe ulimkata mtu." Nikaondolewa hivyo hivyo. Niliumia sana, na bado inaniuma. Sasa hivi nipo shule ya serikali, na yule niliyempasua mtoto wake namfundisha mimi, aliomba mwenyewe awekwe darasani kwangu.

Mwalimu mkuu mstaafu, Newala
Wanangu, nimepokea walimu wapya miaka mingi. Wizi wa korosho, ngumi, kurusha mawe, mtoto anakua anaviacha. Ila aliyewahi kumdhuru mtoto mdogo kimwili, hasa mambo ya aibu, huyo mimi simkabidhi darasa hata kama alifanya akiwa na miaka 15. Atafute kazi nyingine ya heshima. Mnisamehe kama nimemgusa mtu, nawafikiria wale watoto wa darasa la kwanza.

Mwanachuo, Mtwara mjini
Shikamoo mwalimu. Mie nipo mwaka wa pili, BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, inakaribia na shule niliyopangiwa ni ya kata yetu, polisi aliyenikamata nna miaka 17 mwanae anasoma hapo hapo. Nibadilishe shule?

Wa Tandahimba
Usibadilishe mdogo wangu. Nenda kamsalimie kabla ya siku ya kwanza, mwambie sasa hivi unafanya nini. Mimi wa kwangu nilimfuata, akanitazama weee, akasema "wewe si ndo yule wa salfa," kisha akaniuliza kama naweza kumfundishia binti yake jioni.

Mwanzisha mada
Asanteni sana, nimemsomea yote, ya mwalimu mkuu kaniambia niyarudie mara mbili. Jumatatu tunaenda wote mahakamani kuomba ile nakala. Fomu kaitoa chini ya godoro, imekunjika kona zote, sasa hivi yupo hapa mezani anainyoosha kwa pasi ya mkaa.