Seli za moyo kutoka seli shina: nazisafishaje bila kuziua?

Mdundo_iPS: Wakuu salama? Nakuza seli za moyo kutoka seli shina za iPS (seli za kawaida zilizorudishwa kuwa seli shina), zinadunda vizuri ila nikipima troponini T (protini ya seli za moyo) zenye nayo ni asilimia 70 hivi, zilizobaki fibroblasti (seli za tishu unganishi) na makorokoro mengine. Zinatakiwa safi kwa kupimia dawa, baadaye bosi anataka kuzipandikiza kwenye panya. Nimepitisha FACS (mashine inayochambua seli moja moja kwa rangi zinazong'aa) zikatoka safi lakini nyingi zimekufa. Halafu kwa nini kila mtu anasema nisichague kwa troponini yenyewe?

Petri: Troponini iko ndani ya seli mkuu. Ili kingamwili ya kuipimia ifike huko lazima uigandishe seli kwa formaldehaidi na uitoboe utando, sasa hapo utapandikiza nini? Za kuchagua zikiwa hai shika alama za juu, yaani protini za juu ya utando, SIRPA au VCAM1. Na seli uliziachanisha na nini, tripsini (kimeng'enya kinachokata protini)? Ile ukiizidisha inanyoa protini za juu, unaona seli hazina alama kumbe umezinyoa mwenyewe. Accutase, dawa nyingine ya kuachanishia, ni mpole zaidi. Kwenye FACS weka nozeli pana, maikroni 100, presha shusha, zikitoka zipokee na Y-27632 (dawa inayosaidia seli zilizoachanishwa zisife). Seli za moyo ni kubwa na dhaifu, hazipendi kubanwa.

Lakteti_tu: Mimi mashine nilishaachana nayo. Tumia midia (maji ya kulishia seli) isiyo na glukosi uweke lakteti, njia ya wale wa Chuo Kikuu cha Keio, Japani, waliitoa 2013. Seli ya moyo inachoma lakteti kwenye mitokondria inaendelea kudunda, seli shina zilizobaki zinaitegemea sana glukosi kwa hiyo zinakufa njaa. Siku chache tu utaona midia imechafuka kwa mizoga inaelea, usishtuke, osha taratibu ubadilishe. Ila usizisahau humo, hata za moyo zinachoka, na zikiwa chache sahanini zinabanduka zote.

Petri: Kweli, ila kwa seli za neva haitakufaa hiyo.

SumakuB: Wengi wanaruka hili: kupimia dawa na kupandikiza ni mambo mawili tofauti. Kwenye dawa asilimia 90 inakutosha kabisa. Kwenye kupandikiza, shida kubwa ni zile seli shina chache zilizojificha, hizo ndo zinaota teratoma (uvimbe), na FACS inaweza isizione. Pima LIN28, jeni inayowaka kwenye seli shina, kwa PCR. Ukiwa na seli nyingi sana tumia shanga za sumaku, zinang'ang'ania zenye TRA-1-60 (alama ya juu ya seli shina) unabaki na zinazopita bila kuguswa, ila chuja mabonge kwanza kwa kichujio cha maikroni 40 maana yanaziba mrija wa sumaku. Chuo Kikuu cha Kyoto kwenye jaribio la kutibu Parkinson (ugonjwa wa ubongo) lililoanza 2018 walichambua kwa CORIN, alama ya juu ya seli walizozitaka, yaani walichagua wanazozitaka badala ya kufukuza wasizozitaka, na mimi naona hiyo ndo akili.

Mdundo_iPS: Nilitumia tripsini, na nozeli ilikuwa ya 70 🙈 Naanza na lakteti, halafu LIN28 kabla panya hajaguswa. Y-27632 naiacha kwa muda gani?

Petri: Usiku mmoja inatosha, kesho yake badilisha midia.