Sakafu ya gari-nyumba: fremu ya mbao, paneli ya kubandika au chuma?

Msafiri wa Kampemba
Jambo yenu. Tumenunua Sprinter ya mizigo (gari la Mercedes lililofungwa nyuma), tunaigeuza nyumba ya safari: kitanda, jiko, sinki. Kutoka hapa Lubumbashi tutaanza na Likasi na Kolwezi, halafu Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Kwa sakafu nimeonyeshwa njia tatu. Fremu ya mbao yenye frigoliti (povu jeupe jepesi) katikati na tripleksi (plaiwudi) juu. Paneli kama za viwanda vya Ulaya: tripleksi, povu gumu, tripleksi tena, vyote vimebandikwa kwa gundi. Au bati nene la chuma. Ipi itadumu?

Fundi wa Katuba
Chuma acha. Bati la milimita 3 lina karibu kilo 25 kwa mita ya mraba. Tripleksi ya milimita 12 haifiki 10. Na chuma kinapitisha baridi; ile ya mwezi wa saba unaijua.

Paneli ni kazi nzuri sana. Ukikanyaga, tripleksi ya juu inabanwa, ya chini inavutwa, na povu linazizuia zisiteleze. Ndiyo maana mbao nyembamba zinabeba watu. Lakini nguvu yote iko kwenye gundi, nayo lazima ienee kila mahali na ikaukie chini ya uzito.

Mama wa Kalubwe
Na maji yakiingia? Shemeji yangu Ubelgiji ana gari-nyumba la zamani. Karibu na mlango sakafu ilianza kubonyea: maji yalipita ukingoni, gundi ikaachia. Walitoboa matundu madogo, wakasukuma epoksi (gundi inayokauka ngumu) ndani, wakakandamiza. Ilipona kwa sababu mbao hazijaoza.

Dereva wa Ruashi
Yaya Msafiri, tuangalie gari lenyewe kwanza. Paneli ile imebuniwa kwa gari linalotoka kiwandani likiwa chasisi tupu, kwa hiyo paneli ndiyo sakafu yenyewe. Sprinter yako ina sakafu ya chuma tayari. Unachohitaji ni kuzuia baridi na kupata uso ulionyooka.

Kwa hiyo: kwangua kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, jaza mifereji ya bati, bandika povu gumu la milimita 25, kisha tripleksi ya milimita 12 juu yake. Frigoliti nyeupe ya punje inamomonyoka kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi, nayo inanyonya maji zaidi. Usipige skrubu hadi kwenye bati; kila tundu ni mlango wa kutu. Viti vyenye mikanda tu ndivyo vifungwe kwa bolti hadi kwenye chuma cha gari. Hapo usibahatishe, ni maisha ya watu.

Fundi wa Katuba
Nakubali, ila asiache kabisa vipande vya mbao katikati ya povu. Mbao hupitisha joto karibu mara nne kuliko povu, basi aweke chache: mlangoni na chini ya tangi la maji. Kingo za tripleksi azipake vanishi kabla ya kubandika.

Mama wa Kalubwe
Na balatumu (zulia la plastiki la juu) iwe kipande kimoja, ipande kidogo ukutani chini ya sinki.

Msafiri wa Kampemba
Aksanti sana. Paneli naiacha. Nakwenda kuulizia bei ya povu gumu. Nikilikosa hapa mjini, nitaagiza Ndola, kule Zambia.