MREJESHO: ile Yamaha TY175 ya maboksi imetulia

Salaam wakuu. Mnakumbuka niliuliza juu ya ile TY175 ya miaka ya 70, pikipiki ya trial (ule mchezo wa kupita kwenye mawe na vizuizi bila kuweka mguu chini), nilouziwa hapa Malindi ikiwa vipande ndani ya maboksi manne, nikaifunga ikawaka lakini inajipandisha resi yenyewe, naachia eksileta inazidi kulia kama yataka kupaa? Wengi mlisema kabureta. Jamani nimeisafisha mara tatu, jeti nimezipuliza mpaka mdomo wanuka petroli, wapi!

Basi yule alosema nifungue magneto (inayotoa umeme wa kuwasha plagi) niangalie sili ya krenki, ile ringi ya mpira inayozuia hewa na mafuta kupita kwenye shafti ya injini, Mungu akubariki. Nimevuta flaiwili (gurudumu zito la magneto) kwa pula, kifaa cha kuling'olea, ya kukopa kwa fundi wa bodaboda pale Barani, chini ya koili pameloa mafuta meusi, na mdomo wa ile sili umekauka umepasuka kama kandambili ilosahauliwa juani. Kumbe kwenye injini ya tustroki kama hii, mchanganyiko wa hewa, petroli na oili wapita humo humo kwenye tumbo la krenki, sili ikivuja inanyonya hewa, petroli inakua kidogo, ndo ile resi. Sili yenyewe hata si ghali. Nikabadilisha sili, na platini (swichi ndogo ya kutoa cheche) nikaiweka mwanya wa 0.35 mm, kiki mbili, ikatulia tu-tu-tu.

Tangi bado, chumvi ya huku imelila kwa ndani.

Jana nimeijaribu kwenye mawe nyuma ya nyumba, mguu chini mara nne, kwenye trial hio ni pointi 3 za adhabu, hata uweke mara kumi. Mke wangu ndo alokua anahesabu, tena kwa sauti.