Ushauri: siku moja Avignon na mama mwenye maumivu ya magoti, tukiwa na gari la kulala

Wakuu, habari za leo. Tunaishi Stuttgart, na mwezi wa tisa tunashuka kusini mwa Ufaransa na gari la kulala la kukodi, lile lenye kitanda na jiko ndani. Urefu mita 7, kimo karibu mita 3. Mama amekuja kutoka Songea. Ni Mkatoliki wa kuwahi misa ya alfajiri, na tangu asikie Mapapa waliwahi kuishi Avignon hana habari nyingine. Shida ni magoti, ngazi zinamtesa.

Mwaka jana katika mji mwingine niliingia kichochoro nikakuta chuma cha kuzuia magari marefu. Nilirudi kinyumenyume robo saa nzima huku watu wakinipigia honi. Sitaki mama ayaone yale. Gari niliache wapi, na tuanzie wapi?

Kiguu na Njia: Mkuu, usithubutu kuingiza gari ndani ya ukuta wa mji. Ukuta unazunguka zaidi ya kilomita 4, na ndani yake njia ni nyembamba. Nenda kisiwa cha Barthelasse, katikati ya mto Rhône. Kuna kambi zenye umeme na pa kumwaga maji machafu, na ikulu ya Mapapa unaiona ng'ambo ya maji. Kuna kivuko cha bure cha kuwavusha watu. Ulizia ratiba kambini, hubadilika kwa msimu.

Dada wa Lyon: Mjihadhari na upepo. Mistral ukishuka bonde la Rhône haupigi hodi. Kunja turubai la pembeni kabla ya kulala na ufunge dirisha la paa. Sisi tulipuuza, tukaamshwa usiku wa manane na mlio wa turubai likichanika, nguzo yake ikigonga ubavu wa gari.

Katekista: Ndugu, mfikirie mama kwanza. Klementi V alifika Avignon 1309, Gregori XI akarudisha makao Roma 1377. Jumla Mapapa 7, wote Wafaransa. Lakini ikulu yao ina ngazi nyingi, na vyumba vingi ni vitupu. Aliyezoea kanisa lenye maua na mishumaa anaweza kutoka moyo umepoa. Mpeleke kanisa kuu la Notre-Dame des Doms, liko ubavuni mwa ikulu. Juu ya mnara amesimama Bikira Maria aking'aa dhahabu, na ndani limo kaburi la Papa Yohane XXII. Mwache akae hapo atakavyo, ikulu mtaitazama kutoka uwanjani.

Kiguu na Njia: Na daraja la Bénézet msililipie. Lilikuwa na matao 22, mafuriko yameacha 4. Bustani ya Rocher des Doms, juu ya kanisa, ni bure na unaliona lote.

Dada wa Lyon: Hapo sikubaliani nawe kaka. Juu ya daraja kuna kikanisa cha Mtakatifu Nikolasi, na ukisimama pale mto unapita chini ya miguu yako. Mwenye miguu mizima alipie. Mama abaki bustanini na mjukuu.

Mleta uzi: Asanteni sana wote. Barthelasse siku mbili, kanisa kwanza, daraja nitakwenda peke yangu. Nimemsomea mama habari za lile kaburi. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama kanga yake ya Bikira Maria imeshafuliwa.